Fundi wa muji wetu na kode ya gari: maneno tuliyowaambia mafundi wa Butembo



Tunawashukuru juu mumetufungulia garaji hii siku ya posho, kisha salongo. Tunajua kwa fundi siku ya posho ni siku ya makuta, na kwa kila saa munayoketi hapa kutusikiliza kuko gari inayongoja inje. Hatutakuwa warefu sana.

Wengine walituuliza mu mulango pale: "Ninyi munajulikana juu ya barabara, maji, umeme na usalama. Sasa munatafuta nini ku garaji?" Ni ulizo la haki. Tutalijibu kwa habari ya watu tunaowajua, kisha mutaona wenyewe kama jambo hili ni la raia ao ni la mafundi peke yao.

Kamarade mumoja wetu ana shemeki mwenye kuendesha taksi kati ya Butembo na Beni. Gari yake ni ndogo, ya Kijapani. Ilipita Mombasa, Kampala, Kasindi, ikafika hapa na ufunguo mumoja tu. Mwaka jana ule ufunguo ulipotea soko. Shemeki akawaza: hakuna shida, mafundi wako wengi, tutachonga mwingine.

Fundi wa kwanza alichonga ufunguo. Uliingia muzuri, ukageuka muzuri, moteri ikazunguka, lakini haikushika. Ku tablo kataa kadogo kekundu kalikuwa kanawaka na kuzimika, kanawaka na kuzimika. Fundi wa pili, kijana wa hapa hapa muji, alikuja na mashini yake ndogo aliyonunua Kampala. Alipima bila kode. Alipima tena. Mara ya tatu kalkilateri, ule ubongo wa gari, ukanyamaza kabisa, hata mashini haikuweza kuusoma. Tukachangisha makuta, tukatafuta kalkilateri ya okazioni, iliyotoka ku gari iliyopinduka, ya namna moja, mwaka mumoja. Ikawekwa. Gari ikakataa! Ile kalkilateri ilikuwa ingali inakumbuka funguo za gari yake ya zamani.

Mwishoni mutu alitoka Kampala na basi. Alikuja na ordinateri, akaunganisha waya, akapiga telefone kwa mutu tusiyemujua, akapokea nambari, na kisha saa moja gari ikawaka. Aliomba dola 400. Tulipomuuliza ile nambari inatoka wapi, alicheka tu. Gari ilikuwa imelala wiki tatu. Kwa wiki tatu shemeki hakuingiza hata franga moja, na minervali ya watoto ikangoja.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ndiyo ilituleta hapa.

Miezi kidogo kisha, yule kijana wa mashini alikuwa anarudi nyumbani usiku. Ku bariere moja wakafungula saki yake. "Hii ni nini?" Akafasiria. "Aa, kumbe njo mashini ya kuiba gari." Alilala kasho usiku mbili. Tulipoenda kumutosha, mukubwa wa pale alituuliza ulizo moja tu: "Nani anahakikisha kama huyu ni fundi? Karatasi iko wapi?"

Hatukukuwa na jibu. Kijana yule anajua kazi, ana miaka saba ku garaji, amefundisha wengine wanne. Lakini mu inchi yetu hakuna mahali jina lake limeandikwa kama fundi.

Siku ile tulikasirika sana. Lakini njiani, tukiwa tunarudi, tuliulizana kwa ukweli: kama gari yetu imeibiwa, na polisi anamukuta mutu usiku na mashini ya kuwasha gari bila ufunguo, tungependa amuachilie aende juu tu amesema "niko fundi"? Hapana. Basi yule mukubwa hakukosea kuuliza. Kosa ni kama hakuna mutu aliyetayarisha jibu.

Tufasirie kidogo kwa vijana wenye wangali wanaanza kazi. Mu kichwa cha ufunguo wa gari za siku hizi kuko chipu ndogo, isiyo na batri. Pembeni ya tundu la ufunguo kuko waya umezungushwa. Ukiingiza ufunguo, waya ule unaipatia chipu nguvu kidogo, chipu inajibu na namba yake ya siri, na ubongo wa gari unalinganisha. Ikiwa namba ni ile, moteri inashika. Ikiwa hapana, moteri inanyimwa ruhusa, hata kama chuma cha ufunguo kimechongwa sawasawa. Kwa gari nyingi, ukiwa ungali na ufunguo mumoja, kuongeza wa pili si kazi ngumu. Zikipotea zote, mara nyingi inaomba kode inayofuata nambari ya shasi, na kode ile iko mu mikono ya mwenye kutengeneza gari.

Na si ufunguo tu. Kuko piesi nyingi zenye kufungwa namna hiyo: kalkilateri, kufuli la usukani, ku gari zingine hata boite ya vitesi. Unaweza kununua piesi ya kweli, ukaifunga na mikono yako muzuri kabisa, na gari inakataa kuitambua mupaka mutu mwenye ruhusa aseme "ndiyo". Hata redio! Wangapi hapa wameona gari ya Japani yenye batri yake ilitolewa dakika tano tu, na kioo cha redio kikaanza kuomba karte ya ramani ama kode, kwa maandishi ya Kijapani? (Mikono mingi inapanda.) Munaona. Mwenye gari anabaki na kioo cheusi mu gari yake mwenyewe.

Sasa, mutu asituelewe vibaya. Hatukuja kusema kufuli hizi zivunjwe. Ulaya ilizilazimisha ku gari mupya tangu mwaka 1998, Kanada tangu 2007, na sababu ilikuwa wizi. Mukitaka kuona inchi bila kufuli inakuwa namna gani, muangalie Marekani. Kule Hyundai na Kia ziliuzisha kwa miaka mingi gari nyingi zisizo na kufuli la moteri. Kwa gari za mwaka 2015, kati ya gari zao 100, karibu 26 tu njo zilikuwa nalo, wakati kwa kompanyi zingine ilikuwa 96. Kisha, kuanzia 2021, vijana wakaonyesha mu video za intaneti namna ya kuwasha gari zile na kichwa cha kamba ya USB. Wizi ukapanda mu miji mingi. Watoto wa miaka 14, 15 walikufa mu gari walizoiba. Mwaka 2023 kompanyi zile zilikubali kulipa karibu dola milioni 200 ili kumaliza mashitaka ya wenye gari.

Kwa hiyo kufuli linatumika. Shida yetu ni hii: mwenye kutengeneza gari anaweza kutumikisha kufuli lile kuzuia mwizi, na anaweza kutumikisha lile lile kumuzuia fundi wa kando ya barabara, ili kila gari irudi ku garaji yake kubwa, kwa bei yake. Hayo mambo mawili hayafanane, na inchi zingine zimeshapigana miaka mingi ili kuyatenganisha. Tulisoma vile walifanya. Tutawaambia tatu.

Ya kwanza ni Massachusetts, jimbo moja la Marekani. Mwaka 2012 raia waliulizwa mu uchaguzi: kompanyi za gari zilazimishwe kumupa mwenye gari na garaji ya kujitegemea habari zile zile za kutengeneza zinazopewa garaji za kompanyi? Asilimia 86 walisema ndiyo. Muwaze vizuri: watu walipiga mustari, wakaingia mu chumba cha kura, wakapigia garaji kura! Mwaka 2014 kompanyi zenyewe zikaona ni afazali kukubaliana kwa inchi nzima kuliko kungoja kila jimbo litunge sheria yake.

Lakini mambo ya funguo na kode waliyatendea namna ya pekee, na hapa njo tunaomba mafundi wafungule masikio. Sheria ile haikusema kode zigawanywe kwa kila mutu. Ilisema ikiwa kompanyi inazuia habari za kufuli, basi izitoe kwa njia ya orodha ya mafundi wanaojulikana. Orodha ile inashikwa na chama kinachoitwa NASTF, kilichoanzishwa mwaka 2000, ambamo kompanyi za gari na garaji za kujitegemea wanaketi ku meza moja. Fundi ama muchonga funguo anaandika jina lake, wanachunguza kama hana kesi za wizi, anaonyesha kama kazi yake inajulikana, anapewa namba yake. Kisha, siku mutu amepoteza ufunguo, fundi anaangalia kitambulisho cha mutu na karatasi za gari, mwenye gari anatia sahihi, fundi anaingia ku mutandao wa kompanyi na namba yake, analipa, anapata kode. Kila kode iliyotolewa inaandikwa: ni gari gani, ni fundi gani, ni siku gani. Ikiwa kesho gari ile imeibiwa, polisi anajua mulango gani wa kupiga hodi.

Munaona? Ulizo la yule mukubwa wa bariere, "karatasi iko wapi?", kule lilipata jibu.

Na musiwaze kama ilikuwa rahisi. Gari zikaanza kutuma habari zake kwa hewa, bila waya, moja kwa moja ku kompanyi, na sheria ya 2012 ilikuwa imeacha jambo hilo inje. Raia wa Massachusetts wakarudi ku kura mwaka 2020. Safari ile kompanyi zilitumikisha woga: matangazo ya televisheni yalionyesha kama sheria ile ikipita, mutu mubaya ataweza kumufuata mwanamuke mu gari yake mupaka nyumbani. Hata hivyo asilimia 75 walisema ndiyo. Kompanyi zikaenda tribinali mu mwezi wa 11 mwaka ule ule. Mwezi wa 6 mwaka 2023, ofisi ya serikali ya Marekani ya usalama wa barabara ikaandikia kompanyi zisifuate sheria ya jimbo, ikisema wezi wa mu intaneti wataweza kuingia ku gari. Kisha miezi miwili ofisi ile ile ikalegeza maneno yake, ikasema kuko njia ya kuheshimia sheria bila hatari. Mu mwezi wa 2 mwaka 2025 mwamuzi akakataa mashitaka ya kompanyi. Kura ilipigwa siku moja. Tribinali ilichukua zaidi ya miaka ine. Tunasema hivi ili mutu asitoke hapa akiwaza tutaandika barua moja na mambo yatakwisha.

Ya pili ni Ulaya. Kule sheria inawapa mafundi wa kujitegemea haki ya kupata habari za kutengeneza, na kwa habari za usalama na wizi kuko mupango unaoitwa SERMI: garaji inachunguzwa, fundi mwenyewe anachunguzwa, kisha anapewa kitambulisho cha ordinateri cha kuingia nacho. Wakati ule ule tribinali yao kubwa ya Luxembourg iliwazuia wenye kutengeneza gari wasizidishe. Kompanyi moja, FCA Italy, ilikuwa imeweka mulango mu programu ya gari zake: fundi asiingize kitu mu ubongo wa gari mupaka ajiandikishe kwao, alipe, na awe na intaneti. Garaji za kujitegemea zikaenda mashitaka, na tarehe 5 mwezi wa 10 mwaka 2023 tribinali ikasema: mwenye kutengeneza gari hana ruhusa ya kuongeza masharti ambayo sheria haikuandika.

Ya tatu iko hapa hapa Afrika. Afrika Kusini, ofisi ya serikali inayochunga mashindano ya biashara ilitoa mwongozo ulioanza kutumika tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 2021. Unasema mwenye gari anaweza kuipeleka ku garaji anayopenda hata kama garanti ingalipo, na kompanyi zinapaswa kuwapatia mafundi wa kujitegemea habari za kazi. Ulitungwa pia ili watu wenye ubaguzi wa zamani uliwafungia milango waweze kuingia mu kazi ile. Hawakungoja sheria mupya ya bunge. Walianza na sheria ya mashindano waliyokuwa nayo.

Sasa turudi Butembo. Juu ya nini habari za Massachusetts na Luxembourg zimuhusu fundi wa Kimemi ama wa Bulengera?

Kwanza, juu gari zetu ni zile zile zao. Gari inauzishwa mupya Japani ama Ulaya, inatumika kule miaka mingi, kisha inapakiwa ku meli. Siku inatoka ku bandari ya Antwerp ama ya Japani, kufuli linasafiri pamoja nayo. Sheria inayomupa fundi haki ya kupata kode inabaki nyuma. Tunapokea kufuli bila haki. Orodha ya mafundi ya Marekani ni ya mafundi wa kule, ya Ulaya ni ya kule. Fundi wa hapa hana mulango wa kupiga hodi, hata kama ana roho nyeupe na makuta mukononi.

Pili, mutu akikosa mulango anapita dirisha. Kode zinafika hapa, wote munajua. Zinauzishwa na watu wasiojulikana, kwa telefone, kwa bei wanayotaka, na hawaulize karatasi ya mutu. Mwizi analipa bei ile ile na fundi. Kwa hiyo siri hii imemufungia mulango mutu wa haki peke yake.

Tatu, kila mwaka gari zinazofika hapa ni za kisasa kidogo kuliko za mwaka uliopita. Mafundi wazee wanakumbuka wakati bisibisi, funguo namba 12 na 14 na sikio nzuri vilitosha. Leo mu garaji hii kuko vijana waliotoka vijijini juu ya vita, masomo yalikatika, na kazi hii njo ilikuwa mulango wao wa kwanza. Ikiwa kwa kila gari mupya kazi ya makuta inaenda kwa mutu wa Kampala mwenye kode, na wao wanabaki kubadilisha mafuta na kuziba pneu, kisha miaka kumi watakuwa na kazi gani? Na kesho gari za umeme zitafika na batri zenye kufungwa kwa programu. Kobalti nyingi ya dunia inatoka Lualaba. Itakuwa haya kubwa irudi kwetu mu gari ambayo Mukongomani haruhusiwe kufungula.

Basi tunaomba nini?

Kwa serikali, mu Kinshasa: inchi yetu iko na sheria namba 18/020 ya tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2018 juu ya uhuru wa bei na mashindano ya biashara. Tunaomba wizara ya uchumi na ofisi inayohusika na mashindano waitumikishe kama Afrika Kusini ilivyotumikisha yake, watoe mwongozo juu ya kutengeneza gari: habari za kazi kwa kila fundi, na habari za kufuli kwa fundi aliyeandikwa. Tena, Kongo ni memba wa COMESA, na tangu 2022 ni memba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Gari zetu zinapita Mombasa na Dar es Salaam, na shida hii ni ya Mukenya, Mutanzania na Muganda pia. Fundi mumoja wa Butembo akiandikia kompanyi ya Japani, hawatajibu. Soko la inchi nyingi pamoja likiandika, watajibu.

Kwa muji na jimbo: tunaomba orodha ya mafundi. Na hapa tunasema wazi, juu tunajua inchi yetu: kila karatasi inaweza kugeuka kuwa taxe, na kila taxe kuwa bariere. Hatutaki hivyo. Orodha ishikwe na mafundi wenyewe mu chama chao, kopi moja iwekwe ku komine na moja ku polisi. Fundi aandikwe kwa ushuhuda wa mafundi wawili wazee na kwa kuchunguzwa kama hana kesi ya wizi. Bei isipite bei ya karatasi na picha. Ikiwa kesho mutu anaanza kuombea makuta orodha hii barabarani, mutuite, tutakuja pamoja nanyi. Ile kazi tunaijua.

Kwa wafanya biashara wenye kuleta gari: mulete funguo mbili. Ikiwa kuko kale kabati kadogo ka chuma kenye namba ya ufunguo, musikatupe, mukapatie munuzi. Muulize kode ya redio kabla ya gari kutoka Japani, juu pale ni rahisi kuipata. Na ikiwa gari iko na ufunguo mumoja tu, mumuambie munuzi mbele ya kupokea makuta.

Kwa munuzi: siku unanunua gari, kabla hujaenda kuoshwa na kuombewa, ongeza ufunguo wa pili. Wakati ule wa kwanza ungalipo, kazi ni ndogo. Shemeki yetu alijifunza jambo hili kwa dola 400 na wiki tatu.

Kwa ninyi mafundi, wapapa zetu: tunaomba neno gumu kidogo. Hatuwezi kuomba watu watuaminie siri za gari ikiwa sisi wenyewe hatushike hesabu. Tunaomba kila garaji inayogusa funguo iwe na kaye moja. Muandike tarehe, plake, nambari ya shasi, jina la mwenye gari, karte yake ya uchaguzi, karte roze, funguo ngapi zimeongezwa, na sahihi yake. Mutu akija usiku na gari bila karatasi, hata akiwa na makuta mengi, mukatae. Na ile mutindo ya kuua kufuli kabisa ndani ya kalkilateri ili gari iwake na ufunguo wowote, tunajua juu ya nini munaifanya, lakini muambie mwenye gari kwa kinywa wazi: kuanzia leo gari yako haina ulinzi. Wengi hawajui.

(Fundi mumoja muzee alisimama hapa, akasema: "Vijana, kaye nitaandika. Lakini siku polisi anachukua kaye yangu kutafuta watu wa kuombea makuta, wateja wangu wote watakimbia." Tuliandika neno lake, juu ni la kweli.)

Papa, tunakujibu hivi: kaye ni yako, inabaki mu garaji. Polisi aione ikiwa tu kuko mashitaka ya wizi wa gari fulani, na karatasi ya mwamuzi. Tutaliweka neno hilo mu barua yetu kama sharti, na jina la garaji yako halitaonekana.

Tunamaliza. Wiki ijayo siku ya tatu tutapita na karatasi ya kuandika majina ya mafundi wa kwanza. Yule kijana wa kasho amekubali jina lake liwe namba moja. Aliombwa karatasi usiku ule, hakukuwa nayo. Tunataka mara ijayo wakifungula saki yake, wakute mashini, na juu ya mashini wakute karatasi.

Murudie kazi, gari zinangoja. Tuko pamoja.